Siku Tuliyoingia Chuoni na Kitanda

Jambo hili sijawahi kulieleza mwanzo mpaka mwisho, hata kwa jirani zangu hapa Keko, ambao walishalipata vipande vipande na kila mmoja akakitia chumvi kipande chake, kwa sababu kila nikilianza uso unanichoma, na mie si mtu wa kuonaga aibu ovyo. Nimezika mume, nimezika mtoto, nimebishana na madalali wa nyumba mbele ya serikali ya mtaa mpaka wakaondoka wenyewe, sikuona aibu. Siku ile ya chuoni niliona aibu mpaka nikatamani mtandio wangu uwe mpana kama shuka nijifunike mzima. Basi nalisema mara moja, nyie mlisikie lote, halafu asiniulize mtu tena.

Rehema ni mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, alifariki Rehema akiwa anang'oa meno ya utotoni, na tangu hapo mie ndiye mama, ndiye baba, ndiye bibi. Shule yangu mwenyewe iliishia darasa la nne (kusoma najua, kuandika najua, na hesabu mje mnijaribu sokoni), lakini shule za Rehema nimezisoma zote kwa miguu. Mlete mzazi, naenda. Kachelewa, naenda. Kavunja kioo cha dirisha, naenda. Na nilikuwa na utaratibu wangu: naingia ofisini, nasalimia, namgombeza mtoto mbele ya mwalimu, namgombeza tena, mpaka mwalimu mwenyewe anamwonea huruma anasema basi bibi, inatosha, na kesi inaishia hapo. Haikuwahi kushindwa. Kwa hiyo mie niliamini shule zote zinaendeshwa hivyo, na chuo ni shule kama hizo, ila imejengwa ghorofa.

Rehema alipopata chuo, huko njia ya Kinyerezi, alipewa na kitanda hosteli, akawa anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Alikuwa ananieleza mambo ya huko huku mie napika, namwitikia ehe, ehe, sisikilizi. Alinieleza kwamba kila mwanafunzi mpya anapewa mwalimu mmoja anayeitwa mshauri wa masomo, ndiye wa kumwonyesha taratibu, achukue masomo gani, aache yapi, na ukikwama popote unapita kwake kwanza kabla ya kwenda juu. Wake aliitwa Mwalimu Gidion, kijana tu, kwao Moshi, hajaoa. (Hilo la kuoa niliuliza mie. Yeye hakulitaja.)

Sasa ikafika arobaini ya dada yangu. Nikampigia Rehema aje tusome dua. Akaniambia, "Bibi, siku hiyo kuna jaribio la takwimu." Nikamuuliza, "Jaribio na bibi yako mkubwa, kipi kizito?" Akaja. Akakosha vyombo, akagawa chai, akarudi chuo, na mie nikalala usingizi wangu, maana mwalimu gani atamkatalia mtu msiba.

Kumbe chuo kina sheria zake. Ukikosa jaribio na hukutoa taarifa kabla, alama yako ni sifuri, na alama za majaribio zikiwa pungufu huingii mtihani wa mwisho wa somo hilo, unalirudia mwaka unaofuata huku wenzako wanasonga. Lakini, na hili ndilo ambalo ningelisikia tusingefika hapa, sheria hiyohiyo inakuruhusu kuomba upewe jaribio jingine kama ulikuwa na sababu ya kweli. Ombi linapita kwa mshauri wako, anaandika maoni yake, linapelekwa idarani, mradi lifike kabla ya siku waliyoipanga. Basi. Hayo yote Rehema alikuwa anayajua, alishakwenda kwa Mwalimu Gidion, akaeleza, akaeleweka.

Mwisho wa wiki ule alikuja nyumbani, akaingia ndani, akalala kifudifudi. Hakula.

"Una nini?"

"Nina kesi ndogo chuo, Bibi. Mwalimu kasema niende Jumanne asubuhi na maelezo yangu. Ndiyo siku ya mwisho."

"Kesi?"

"Ndogo tu. Ameshaelewa, usijali."

Mie masikio yangu yalichukua kesi, yakachukua na siku ya mwisho. Hilo la ameshaelewa liliingia sikio hili likatokea lile.

Rehema alipoondoka nikavaa kandambili nikaenda kwa mdogo wangu, Shomari. Shomari ni fundi vitanda hapa hapa barabarani, lakini Temeke nzima wanamjua kwa ushenga. Kuna kuposa, anaitwa. Kuna wanandoa wametengana, anaitwa. Kuna kijana kampa mtoto wa watu mimba na wazee wanataka kwenda kwao wakayamalize, anaitwa. Ana kanzu na koti la kazi hiyo, na ana sauti yake ya kazi hiyo, anaishusha mpaka unasogea mwenyewe. Nikamweleza. Akaweka randa chini, akapangusa mikono.

"Dada, kwa mtu kama mwalimu wa chuo huendi peke yako. Unakwenda na watu."

Mama Joyce, jirani yangu, mwuza viatu vya mitumba, alikuwa anapita akasikia akajiunga mwenyewe, akasema Gidion ni wa huko kwao, watu wa kwao yeye ndiye anayejua kuwalegeza. (Mama Joyce ni Mpare. Moshi anaijua kwa kupita na basi.) Tukakaa kikao. Nikasema tusiende mikono mitupu, ila mwalimu nisimpe kitu yeye, maana itakuwa hongo na mie sijahonga mtu tangu nizaliwe, lakini nikimpelekea mama yake mzazi doti ya kanga, nitakuwa nimemheshimu aliyemzaa, hapo hongo iko wapi? Wote wakaona nimesema la maana. Nikakaanga na visheti sinia zima, nikafunika kawa.

Mama Joyce akauliza, "Rehema tumwambie?"

Nikasema, "Akijua atakataa. Tutamkuta kule kule."

Hapo. Mkitaka kunilaumu nilaumuni hapo, msihangaike na kwingine.

Shomari Jumanne hiyo alikuwa na mzigo wa mteja wa kupeleka Mbezi Luis, kitanda cha mninga, sita kwa sita, kina maua ya kuchonga ubaoni na meza yake ya kujirembea yenye kioo, na kirikuu, kigari cha mizigo, alishakikodi. Akasema chuo kiko njiani, tushuke tuzungumze, tukimaliza kirikuu kiendelee na mzigo wake. Mie nikaona hiyo ni akili. Basi tukaondoka, mie na Mama Joyce tumebanana mbele na dereva, Shomari nyuma kakaa juu ya kitanda cha watu na kanzu yake na koti lake, kapakata sinia la visheti.

Mlinzi wa getini kijana mwenye adabu, akatuamkia wote kwa zamu. Akauliza tunaelekea wapi. Shomari akamjibu kutoka juu kitandani, kwa ile sauti yake, "Tunakwenda kwa Mwalimu Gidion. Sie ni wazee wa mtoto."

Mlinzi akatazama kitanda. Akatazama kioo cha meza, sinia, na doti yangu niliyoifunga kwa utepe.

"Na huu mzigo, mzee?"

"Tunao wenyewe," Shomari akasema, maana hapendi mali ya mteja iulizwe ulizwe.

Mlinzi akafungua geti akasema hongereni. Mie nikaitikia asante, nikamgeukia Mama Joyce nikamwambia umeona, ukija kwa heshima unapokelewa kwa heshima.

Ndani kuna jengo la ofisi za walimu, mbele yake uwazi wamejaa wanafunzi. Dereva akaegesha pale pale katikati. Wanafunzi wakageuka kitanda kilipopita. Kijana mmoja nilimsikia akimwambia mwenzake, "Oya, wamemletea na kitanda kabisa," na mwenzake akasema, "Kaka, hicho si cha masihara, mninga hicho." Mie nikadhani wanamsifia mdogo wangu ufundi wake, nikatembea kifua mbele.

Ofisini tukamkuta katibu, binti mdogo. Akasema Mwalimu Gidion yuko darasani, anaweza kutusaidia nini? Sasa nyie mnajua ushenga ulivyo. Mshenga hataji shida mlangoni. Anaizunguka, anaipaka mafuta, mwenyewe akishakaa ndipo inatajwa, tena kwa sauti ndogo. Ndivyo tulivyolelewa, na ukimwuliza Shomari njia ya kwenda chooni atakuzungusha hivyo hivyo. Akainamisha kichwa akamwambia yule binti, "Mwanangu, hatukuja kwa shari. Lililotokea limetokea. Ni jambo la mtoto wetu Rehema, yuko mwaka wa kwanza hapa, na jambo lenyewe ni la aibu, hatupendi lifike mbali. Tunataka tukae na huyu kijana, tulimalize kifamilia."

Binti akaweka mkono mdomoni. Mie nikaona adabu hiyo. Akatuomba tusubiri nje, akafunga mlango, nikasikia anapiga simu.

Koridoni viti vilikuwa viwili na vyote vina watu. Mie goti langu halisimami, na mkeka wangu naenda nao kila mahali, nikautandika ukutani tukakaa watatu, sinia katikati. Wanafunzi wakawa wanapita, wanarudi, wanapita tena. Wengine wameshika simu juu kama wanatafuta mtandao. Shomari akasema chuo hiki kina watoto wengi wasio na vipindi.

Mara Mwalimu Gidion akaja, kijana mwembamba, kompyuta kwapani, akatuona tumekaa mlangoni kwake akasimama. Shomari akainuka akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, usiogope. Hatukuja kwa ugomvi."

"Shikamoo, mzee," akasema. "Samahani, nawafahamu?"

"Sie hutufahamu. Mtoto unamfahamu."

Koridoni pakazuka kicheko, kile cha kuziba pua. Yule mwalimu uso ulimbadilika, na hapo hapo akatokea mama mmoja wa makamo, mrefu, suti ya kijivu, ndiye mlezi wa wanafunzi. Akamwambia, "Mwalimu, nenda ukasubiri kwangu." Akatugeukia sie akasema kwa upole, "Wazee wangu, karibuni huku." Tukakunja mkeka.

Akatutia chumba kina meza kubwa, akatupa maji, akafunga mlango. Mie nilikuwa naona mambo yananyooka. Mama yule alikuwa mpole mno, ananitazama kama naumwa.

"Pole sana, mama," akaniambia. "Wewe ndiye mzazi?"

"Ndiye bibi. Mama yake marehemu."

"Pole. Na mtoto anaendeleaje?"

"Hali chakula. Tangu jambo litokee analala kifudifudi."

Akaandika.

"Na Mwalimu Gidion analijua hili?"

"Analijua. Ndiye aliyemwambia aje leo ofisini kwake, asubuhi."

Akaandika. Kalamu ikawa nzito.

"Aje peke yake?"

"Peke yake. Ndiyo maana tukaona bora tuje na wazee."

Mama Joyce hapo akaona azungumze na yeye, ule ulegezaji wake aliouahidi, akasema, "Sie tunachoomba amkubali tu mtoto, asimharibie maisha. Bibi yake ameleta na kanga za mama mkwe." Mie nikamtazama. Mama mkwe kaletwa na nani? Lakini nikaacha, nikajua ulimi umemteleza, Mama Joyce kila mtu kwake ni mkwe. Kile nilichopaswa kukikamata hapo nilikiachia kipite, na mama wa suti ya kijivu akaweka kalamu chini akaniuliza, taratibu kabisa, kama Rehema ameshapimwa, na ina miezi mingapi.

Nikauliza, "Ina nini?"

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, Rehema akaingizwa na yule katibu. Alikuwa amekuja na miadi yake, kavaa vizuri, kakumbatia bahasha yake, akaambiwa mlangoni kwamba wazee wake wako kwa mlezi na aliyemfanyia hivyo ameshaitwa. Akatutazama mmoja mmoja. Macho yakashuka kwenye sinia.

"Bibi," akasema. "Umewaambia nini?"

"Nimekuja kukuombea radhi ya lile jaribio."

Mama yule alitazama kile alichokiandika, akafumba macho kidogo. Rehema hakulia wala hakupiga kelele. Alisogea ukutani akauegemea, na mie nilipomwona anauegemea ukuta vile ndipo kichwani mwangu yakaanza kupangana: hongereni ya mlinzi, mkono wa katibu mdomoni, kicheko cha koridoni, kitanda. Shomari, ambaye amesema maneno maisha yake yote, akashika kawa akafunika sinia upya.

Nikasimama nikamwambia yule mama, haikuwa hivyo, mwalimu hana kosa, mtoto hana kosa, andika hivyo. Akasema ataandika. Nikasema, basi yaishe, mwite mwalimu aandike hayo maoni yake mtoto awahi, leo ndiyo mwisho.

"Hawezi, mama."

"Hawezi vipi na nimeshasema si kweli?"

"Mie nimekusikia. Lakini taarifa ilishapelekwa juu kabla sijakaa na nyie. Ikishapelekwa, mwalimu hagusi jambo lolote la mwanafunzi huyo mpaka kamati ikae imalize. Huo ndio utaratibu, na umewekwa kuwalinda mabinti ambao yamewakuta kweli. Siwezi kuukata."

"Basi aandike mwalimu mwingine."

"Mshauri mwingine anapangwa na mkuu wa idara. Yuko safarini Dodoma, anarudi Alhamisi."

Akampigia mbele yetu, naheshimu hilo. Sauti ya kule ikasema hawezi kumpangia mwanafunzi mshauri kwa simu, tena mwenye jambo lililoko kwenye kamati, asubiriwe. Mama akakata simu. Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto, kwamba mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, hata alama zake hawezi kunionyesha bila yeye kukubali, na hakuna anayehitaji kuja kumwombea radhi kwa sababu hakukuwa na la kuombea radhi, maombi kama hayo wanayapokea kila muhula.

"Lingechukua muda gani?" nikauliza.

Akatazama meza. "Mwalimu alikuwa ameshayaandaa maoni yake, mama. Ilikuwa kuweka sahihi tu."

Mteja wa Mbezi Luis akawa anapiga simu, kitanda chake kiko wapi. Nikawaambia Shomari na Mama Joyce waende. Kirikuu kikatoka na kitanda chake mbele ya chuo kizima, na kuna watu walipiga makofi. Mie nilibaki, sikujua kwa nini nabaki. Rehema alirudi kule koridoni akapata kiti mlangoni kwa mkuu wa idara, ule mlango uliofungwa, akakaa na bahasha mapajani kana kwamba mwenyewe anaweza kurudi toka Dodoma jioni ile. Mie nikakaa kiti cha mwisho kabisa. Hakunifukuza, ila hakuja kukaa nami.

Wasichana wawili walipita, mmoja akasema, "Rehema, shemeji hajambo?" Mwenzake akamvuta mkono huku anacheka. Rehema hakuinua uso. Mie ulimi wangu mnaujua, siku nyingine wale wasingefika mwisho wa koridoni bila kujua wamezaliwa na nani. Siku ile niliumeza. Nilishasema ya kutosha pale.

Jioni Mwalimu Gidion akapita na mkoba begani. Nikainuka nikataka kumshika mkono nimwombe radhi mwenyewe. Akarudi nyuma hatua, mikono akaiweka mgongoni.

"Mama, nakuomba," akasema kwa sauti ya chini, anatazama huku na huku. "Nikionekana nimesimama na wewe itakuwa mbaya zaidi. Kwangu na kwake."

Akaenda zake. Kijana ambaye alimsikiliza mjukuu wangu, akamwelewa, akamwandalia njia, anaogopa hata kunipa mkono. Nilikaa tena. Taa za ofisi zikazimwa moja moja, mlinzi akaja kutuambia muda umekwisha, na Rehema akainuka, akaiweka ile bahasha kwenye begi, akanisindikiza mpaka getini kama anavyosindikizwa mgeni. Akasimamisha bajaji akamwelekeza dereva. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Fika salama, Bibi."

Kamati ilikaa, na Mwalimu Gidion akasafishwa. Lakini picha yetu ya kwenye mkeka, sinia katikati, ilishatembea kwenye simu za watu mpaka Joyce, mtoto wa jirani yangu, aliyeko Mwanza, alitumiwa akauliza huyo si mama yangu. Kamati haina dawa ya hilo. Nilisikia Gidion ameomba asipewe tena wanafunzi wa kuwashauri. Rehema alipewa mshauri mwingine, mzee mwenye wanafunzi wengi asiyewajua majina. Ombi lake lilipofika kwa mkuu wa idara alilisoma, akasema sababu ni ya kweli, ila siku imepita na akimruhusu huyu atawaruhusu wote. Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia zaidi yangu.

Nimeapa, na kuapa kwangu si kwa mdomo tu: mguu wangu hautaingia chuo kile mpaka Rehema mwenyewe aniite, na asiponiita hata siku ya kuvaa joho nitakaa hapa nyumbani nitamshangilia nikiwa hapa. Na nyie mlio na wajukuu vyuoni, watoto wakiwaeleza taratibu za huko zimeni jiko msikilize. Mkiona hamjaelewa waulizeni wao. Msiende kuwauliza wazee, wazee tunajua kwenda tu.

Wiki ya mitihani Rehema alifanya mingine yote akikaa hosteli. Siku ya takwimu alikuja nyumbani, kwa sababu hakuwa na la kufanya kule. Asubuhi nikamkuta uani keshaweka ungo mapajani anachambua mchele. Nikavuta kigoda nikakaa upande wa pili, nikachota mchele wangu. Mafundi barabarani walikuwa wanapiga randa kama kawaida. Ilipofika ile saa aliinua kichwa, akatazama tu mbele, halafu akarudi kwenye ungo, akawa anachambua mchele ambao tayari ni safi. Tuliendelea kuchambua mpaka jua likatufuata tukahamisha vigoda, na simu yake ikalia ujumbe, akausoma, akaifunika simu pajani.

Nikamuuliza, "Wametoka?"

"Wametoka."

Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. "Wanasema ulikuwaje?"

Rehema akapepeta ungo, akapuliza makapi.

"Wanasema ulikuwa mwepesi, Bibi."